Mwaka Uliokaa Kwenye Jino

Kabla ya alfajiri, kijiko kiligonga ukingo wa kikombe cha bati mara mbili, kisha kikatua mezani. Penieli Mbise aliisikia sauti hiyo akiwa kitandani kwake mjini Arusha, ingawa kikombe chenyewe kilikuwa Maji ya Chai, jikoni kwa mama yake, mwendo wa nusu saa kwa treni ya juu. Karibu na mto wa kulalia kulikuwa na kidude kidogo mfano wa kifungo cha koti. Watu walikiita sikio la nyumba. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumletea mtoto aliye mbali sauti za nyumbani kwa mzazi, ili ajue kumekucha salama.

Mama yake, Bibi Ndewario, alikuwa amesahau mengi. Alisahau mwezi na mwaka, alisahau jina la mchungaji, alisahau kwamba mumewe alikufa zamani na wakati mwingine alimwekea chakula. Lakini mikono yake haikusahau chai. Roboti iliyomtunza, ambayo yeye aliiita Msichana, ilisimama kando na kumwacha akoroge mwenyewe. Haikuwa imetengenezwa hivyo. Fundi aliyeileta alimwona bibi akigombania kijiko, akakaa saa nzima kuifundisha mashine kungoja. Hakuna aliyemwomba. Penieli alikuwa bado anakumbuka sura ya fundi huyo.

"Ameamka," alisema peke yake, akainuka. Siku hiyo ndiye angekuwa binadamu wa kwanza kukaa kwenye kiti cha Mng'arishi.

Mng'arishi ulikuwa mtambo alioubuni yeye, kwa miaka tisa. Ulikuwa na mikono sita myembamba kama vipapasio vya panzi, na kila mkono ulitoa mwale wa leza usioonekana kwa macho. Leza za kung'arisha meno zilikuwapo tangu enzi za bibi zake, lakini zile ziliondoa madoa ya nje tu, ya chai na tumbaku. Madoa ya watu wa Maji ya Chai hayakuwa ya nje. Maji ya mlima yalikuwa na madini mengi ya floraidi, na mtoto aliyeyanywa wakati meno yake yanajengwa ndani ya fizi alikuja kuota meno ya kahawia, mengine yenye vishimo. Ukipiga mswaki mpaka damu itoke, hayabadiliki. Mng'arishi uliingia ndani ya jino tabaka kwa tabaka, ukatoa kahawia, ukaziba kila tabaka kwa madini safi kabla ya kwenda kwenye jingine.

Siku hizi maji yalichujwa, na watoto wa sasa walikuwa na meno kama ya watoto wa mahali pengine. Waliobaki na kahawia walikuwa watu wazima na wazee, nao walikuwa na tabia moja iliyowatambulisha kokote. Wakicheka, mkono hupanda mdomoni. Kwaya yao ya usharika ilijulikana jimbo zima kwa kuimba midomo nusu, mpaka kwaya nyingine zikawatania kwamba wanaimba huku wamemeza ufunguo. Penieli alikulia katika mikono hiyo iliyofunika midomo. Alitaka kuishusha yote.

"Kaa vizuri, Dokta," alisema Tumsifu, fundi wake mkuu, akimfunika shuka kifuani. Alikuwa ameiweka shuka juu ya mashine ya joto tangu asubuhi, kwa sababu alijua chumba kile ni baridi.

Mikono ya mtambo ilizunguka meno ya Penieli kwa dakika tatu bila kuyagusa. Ilikuwa inachora ramani. Kisha sauti ikatoka, ya taratibu kama ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Ramani imekamilika. Meno ni ya kahawia tangu tabaka la ndani. Katika meno ya mbele kuna mkanda mweupe, upana wa milimita moja na kidogo. Mkanda huu si ugonjwa. Ubaki au uondoke?"

Tumsifu alisogea kwenye kioo cha mtambo. "Huu umenyooka kama umepigwa rula. Katika picha zote tulizokusanya sijauona kwa mtu mwingine. Tusome kwanza maelezo yake?"

"Nitasoma jioni."

"Ni dakika tano tu, Dokta."

"Tumsifu, tangu darasa la pili naitwa Pundamilia. Mpaka chuoni kulikuwa na mtu anayeniuliza kama nakula udongo kwa mistari." Penieli akafumba macho. "Uondoke. Yote yafanane."

"Uondoke," mtambo ulirudia, ukaanza kazi.

Haikuuma. Baada ya dakika hamsini Tumsifu alimpa kioo cha mkononi. Meno yalikuwa meupe, weupe wa kawaida, kama ya mtu aliyezaliwa nayo. Penieli alicheka, na mkono wake ukapanda mdomoni.

"Shusha mkono," Tumsifu alisema kwa upole. "Sasa unaficha nini?"

Alipoushusha, machozi yalimtoka. Aliyemjia akilini kwanza alikuwa mama yake.

Kwa maana Bibi Ndewario alikuwa na desturi. Kila Penieli alipofika, tangu alipokuwa mwanafunzi wa bweni, mama alimshika kidevu na kumwambia, "Cheka nikuone." Akicheka, mama alipitisha kidole gumba juu ya meno ya mbele, polepole, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha akanyamaza kidogo. Penieli aliamini anajua maana ya ukimya ule. Aliamini mama anasikitika. Maskini mwanangu, alimsikia akisema moyoni, na meno haya. Tangu kumbukumbu za bibi zilipoanza kupotea, desturi ile ilikuwa imezidi. Penieli aliingia, mama akauliza, "Nani?" Alijitaja, mama akamtazama bila kumjua. Kisha, "Cheka nikuone," kidole kikapita juu ya meno, na uso wa mama ukafunguka. "Ee. Penieli." Mwanasayansi mzima, aliona hayo kila Jumapili kwa mwaka mmoja na nusu, akafikiri ni muda tu unaohitajika, kama taa ya zamani inayochelewa kuwaka.

Jumapili ile alipanda treni ya juu kwa furaha ya mtoto anayepeleka nyumbani cheti cha kufaulu.

Bibi Ndewario alikuwa amekaa barazani, mguu wake wa kushoto, ule uliolemaa, umenyooshwa juu ya kigoda. Msichana alikuwa amemwekea mto chini ya kisigino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Ni mimi, Penieli."

Mama alimtazama. Akanyoosha mkono, akamshika kidevu. "Cheka nikuone."

Penieli alicheka kwa meno yote, bila mkono, kama ambavyo hakuwahi kucheka maishani. Kidole gumba kilipita juu ya meno ya mbele, kikafika mwisho, kikarudi. Kikapita tena. Kisha mama akaurudisha mkono wake mapajani na kuushika kwa mkono mwingine.

"Una meno mazuri, binti," alisema. "Umetoka wapi?"

"Mama, ni mimi. Nimeyasafisha tu."

"Penieli wangu ana mkanda," mama alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba aliyoikosea. "Karibu ukae. Msichana, mletee mgeni chai. Umetembea jua kali."

Penieli alikaa mpaka saa kumi. Alimtajia mama majina ya jirani, ya mbuzi waliokufa, ya nyimbo za pambio. Mama aliitika kila kitu kwa adabu, kama watu wanavyoitika mgeni anayezungumza sana. Mara mbili aliangalia njia. "Leo Jumapili," alisema. "Mwanangu amechelewa."

Penieli hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye maabara, akawasha Mng'arishi na kukaa mbele yake akiwa bado na mkoba begani.

"Nisomee ramani yangu," alisema. "Mkanda ule ulikuwa nini?"

"Gamba la jino hujengwa tabaka kwa tabaka mtoto akiwa mdogo," mtambo ulisema, "kama mti unavyoongeza duara kila mwaka. Lisipong'olewa, halifuti kilichoandikwa. Tabaka zako zote zilijengwa kwa maji yenye floraidi nyingi, isipokuwa mkanda. Mkanda ulijengwa ulipokuwa na umri wa miaka miwili na miezi mitatu, ukakoma ulipofika miaka mitatu na miezi miwili. Kwa miezi kumi na moja ulikunywa maji mengine."

"Maji gani? Hatukuwahi kuhama."

"Jino halisemi ni ya wapi. Linaonyesha tu kwamba kingo za mkanda ni safi. Katika miezi hiyo hayakukosekana hata siku moja."

Penieli aliweka mkoba chini. "Unaweza kuurudisha?"

"Naweza kupaka rangi mahali ulipokuwa. Wenyewe nimeshauondoa."

Alifikiri juu ya rangi ile kwa muda. Kisha akasema hapana, akazima mtambo. Kumpelekea mama mkanda wa kupaka kungekuwa kumdanganya mtu aliyebakiwa na ukweli mmoja.

Siku ya Jumatano watu wa kwaya walianza kuja kliniki. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mzee Akyoo, mwimbaji wa sauti ya nne na jirani wa Bibi Ndewario tangu ujana. Alikuja na koti la suti na viatu vilivyong'aa.

"Wajukuu wangu wananiambia babu, ukicheka unatisha," alisema akijilaza kwenye kiti. "Nikawaambia, sawa, nitakwenda kwa Penieli anitengeneze, halafu tuone kisingizio chenu kingine."

"Kabla sijaanza, Mzee, nina swali. Nilipokuwa mdogo, kama wa miaka miwili, mama alikuwa anachota maji wapi?"

Mzee Akyoo aliacha kutabasamu. Alimtazama Penieli mdomoni, kisha akatazama dari.

"Umeutoa," alisema.

"Ulikuwa unaujua?"

"Nani asiyeujua? Sisi wa rika lake wote tunaujua." Akainuka kitako. "Mama yako alikupeleka kliniki kupimwa uzito. Nesi mmoja akamwambia, ukitaka huyu asiote meno kama yako, mtafutie maji mengine. Wengine tuliambiwa hivyo hivyo. Tukasema, mengine yako wapi? Yeye akauliza yako wapi, akaambiwa chemchemi ya Mkuyuni, ng'ambo ya korongo. Masaa mawili kwenda. Kurudi na ndoo kichwani, zaidi. Baba yako alikuwa ameshafariki. Mama yako alikuwa anaondoka usiku bado, anakuacha kwa mke wangu. Maji yale hakuyanywa yeye, hata tone. Alikuwa na mtungi wa maji hayo kando, amefunga kitambaa chekundu. Uji wako, chai yako, maji yako ya kunywa. Yeye alikunywa haya yetu."

"Hata siku moja hakukosa," Penieli alisema, si kwa kuuliza.

"Nani kakwambia?"

"Jino."

Mzee alitikisa kichwa. "Tulimcheka. Tulisema Ndewario anamlea malaika. Mimi nilikuwa na punda wawili, Penieli. Wawili. Hakuniomba, nami sikumpa. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa anamngoja kwenye kona ya korongo amtue, kwa sababu pale kuna mlima mkali. Mimi nilikuwa nimelala."

Tumsifu, aliyekuwa akipanga vifaa, aliacha kupanga.

"Na aliacha kwa nini?"

"Kwani mguu ule unadhani ni wa nini?"

Penieli alikuwa ameuona mguu ule maisha yake yote. Aliuliza mara moja, akiwa mtoto, akaambiwa, niliteleza mvua iliponyesha. Alipokuwa shule ya sekondari, siku ya wazazi, alitembea hatua kadhaa mbele ya mama yake ili wasionekane pamoja, yeye na ile hatua ya kuchechemea. Mama hakuharakisha kumfikia. Alimwacha atangulie.

"Aliteleza na ndoo," Mzee Akyoo alisema. "Mfupa ukaunga vibaya, na kutwika hakuweza tena. Alitukataza tusikwambie. Alisema mtoto akijua, ataona ndiye aliyemvunja mama yake mguu. Lakini meno yako yalipoota, alikuita nje mwangani, akatuita na sisi. Akakufungua mdomo. Akatuonyesha ule mkanda. Hakusema neno, Penieli. Alituonyesha tu, kisha akakurudisha ndani ukale."

Chumba kilikuwa baridi. Tumsifu alikwenda kuchukua shuka yenye joto, akamwekea Penieli mabegani, akarudi kwenye vifaa vyake.

Mzee Akyoo alijilaza tena kitini. "Basi nisomee na mimi yangu, kabla hujachoma kitu."

Mtambo ulizunguka, ukachora. "Tabaka zote ni sawa," ulisema. "Hakuna mkanda."

"Si nilijua," Mzee alisema. "Mama yangu alikuwa na watoto tisa, angekwenda Mkuyuni awaache na nani? Safisha, mwanangu. Yangu hayana barua."

Kuanzia siku ile Penieli alibadilisha mpangilio wa Mng'arishi. Hakuna jino lililoguswa mpaka mwenyewe asomewe lote, akiwa amekaa, akiwa na mtu wake kando kama anaye. Wengi walisikiliza na kusema ondoa, nao walirudi makwao wakicheka mikono chini, na Penieli alifurahi pamoja nao, kwa sababu furaha yao ilikuwa ya kweli. Wachache waliomba wafikirie. Mama mmoja aliambiwa kwamba tabaka la mwaka wake wa nne lilijengwa kwa njaa. Aliomba jino moja libaki lilivyo.

Jumapili iliyofuata Penieli hakungoja treni. Alilala Maji ya Chai kwa Mzee Akyoo, na kijiko kilipogonga kikombe ng'ambo ya ua yeye alikuwa ameshaondoka na ndoo. Siku hizi njia ya Mkuyuni ilikuwa na nyasi kwa sababu hakuna aliyeihitaji. Alishuka korongo kwa kushika mizizi. Chemchemi ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri, ya kuchota kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, mpaka ndoo ijae. Wakati wa kurudi hakuweza kuiweka kichwani. Aliibeba kwa mkono huu, akabadilisha kwa ule, maji yakamwagikia viatuni. Pale kwenye mlima mkali hakukuwa na mtu wa kumtua. Alisimama hapo muda mrefu kuliko pengine popote.

Alifika saa nne, ndoo ikiwa nusu.

"Hodi, mama."

"Karibu. Nani?"

Penieli alifungua mdomo kujitaja, kisha akaufunga. "Nimekuletea maji," alisema.

Bibi Ndewario aliitazama ndoo, akatazama viatu vilivyolowa. Alichovya kikombe chake cha bati, akanywa tone moja, akalishikilia mdomoni. Macho yake yakabadilika.

"Haya ni ya Mkuyuni."

"Ndiyo, mama."

"Umeyafuata mwenyewe? Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Una mtoto mdogo?"

"Hapana. Sina."

"Basi mbona umehangaika hivyo?" Mama alimwaga kwa uangalifu maji yaliyobaki kikombeni yakarudi ndani ya ndoo, asipoteze tone. Alijiinua kwa fimbo, akaingia ndani akichechemea, akatoka na mtungi mdogo na kitambaa chekundu kilichofifia mpaka kikawa karibu na waridi. Msichana alitaka kumsaidia, kisha akasimama kando, kama alivyofundishwa. Bibi alimimina, akafunika, akafunga fundo. Mikono haikukosea.

"Haya hatuyanywi sisi," alieleza. "Haya ni ya Penieli."

"Mama," Penieli alisema, "asante."

"Mimi ndiye wa kushukuru. Pale kwenye mlima, ulipata mtu wa kukutua?"

"Sikupata."

Mama alisikitika kwa sauti, akamvuta akae karibu naye kwenye mkeka. Alimvua viatu vilivyolowa, kimoja, kisha kingine, akaviegemeza ukutani palipo na jua. Akaichukua miguu ya Penieli na kuikausha kwa upindo wa khanga yake, kidole kwa kidole. Walikaa hivyo mpaka kengele ya ibada ya pili ilipolia.

Penieli alipoinuka kuondoka, mama alimsindikiza mpaka kwenye ngazi ya baraza, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ukimshika kiwiko, asije mgeni akajikwaa.

"Njoo tena Jumapili, binti," alisema. "Mwanangu huja Jumapili. Ukiwahi kidogo, utamkuta."